Miwani ya Mezani

Jumatatu nyumba hufungwa kwa wageni,
ndipo mimi ninapoifungua:
madirisha mawili ya mashariki, mlango wa jikoni,
na mvua ikiniruhusu, natoa mkeka nje.
Ila mvua ya Tukuyu hairuhusu, inakopesha.
Saa moja, saa moja na nusu,
kisha inarudi kudai, bati baada ya bati.

Adui wetu si vumbi. Ni ukungu:
ule wa nje, unaoteremka Rungwe bila kubisha hodi,
na ule wa ndani, unaoota migongoni mwa vitabu.
Wa kwanza nausubiri. Wa pili naufuta
kwa kitambaa kikavu na siki kidogo,
kama alivyonifundisha mjane wake,
aliyezoea kusema: vitabu vya mume wangu
vina jasho kumshinda yeye.

Kiingilio elfu mbili. Mwanafunzi mia tano.
Watoto wa shule hawaulizi riwaya hata moja.
Wanauliza: Mwalimu Asajile alikuwa akijisaidia wapi?
Nawapeleka nyuma, kwenye migomba,
wanalitazama lile shimo lililofukiwa
kwa heshima ambayo meza haijawahi kuipata.

Mezani kuna kalamu, taa ya chemli, miwani.
Watu wazima wanaipiga picha miwani.
Wengine wanainama, wanachungulia kupitia vioo vyake
dirishani, kwenye chai ya watu,
kana kwamba sentensi zimebaki humo.
Siwaambii.
Miwani yake Mwalimu alizikwa nayo;
mjane alikataa katakata: "Kule aendako atasomaje?"
Hii ni ya baba yangu, Gwakisa, fundi cherehani,
aliyesoma Zaburi na namba za futi kamba, basi.
Meza bila miwani, alisema afisa utamaduni,
ni meza ya karani wa ushirika.
Nikaenda nyumbani, nikafungua kabati.

Alhamisi iliyopita akaingia Bibi Syabumi,
mabuti ya mpira miguuni, mwavuli umevunjika mbavu.
Hakulipa. Hakutazama picha.
Alisimama mbele ya kamba nyekundu, akasema:
"Huyu namdai maziwa."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Chupa arobaini, mwaka ule daraja lilipokatika.
Aliniambia, nikimaliza kitabu nitakulipa.
Kitabu kimekwisha?"

Kimekwisha, Bibi. Kimechapwa mara nne.

Nikainua kamba, nikavuta droo ya madaftari.
Mwandiko wake ni siafu waliohama usiku,
na macho yangu ya miaka hamsini na tatu
yanataka mikono mirefu kuliko niliyopewa.
Nikaichukua miwani.
Ikanikaa.
Kumbe baba, ndivyo ulivyokuwa ukiona:
kila kitu karibu, kila uzi na tundu lake.

Sura ya saba. Aya nzima imekatwa kwa hasira,
binti wa riwaya hajui avuke mto au arudi,
na pembeni, kwa wino uleule:
*maziwa, S., 38.*

"Arobaini," akasema Bibi.
"Thelathini na nane."
"Mbili alikunywa amesimama mlangoni, hakuziandika."
Tukabishana hadi mvua ikaja kudai.

Nilimlipa kutoka sanduku la viingilio.
Akazihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga,
na alipofika kizingitini akageuka:
"Kile kitabu. Binti alivuka?"
Nikamwambia alivuka.
Akaguna, akaufungua mwavuli kwa upande mzima.

Leo Jumatatu. Nimekikalia kiti kisichokaliwa,
daftari la hesabu liko mbele yangu.
Matumizi: siki, sabuni, tokeni za umeme.
Kalamu imesimama hapo muda sasa.
Mkaguzi anatoka Mbeya mwisho wa mwezi,
naye si mtu wa riwaya.

Nimeandika: maziwa, 39.
Kisha nimetoka mbio kuuwahi mkeka.