Kidaka

Kijiti chenye mistari miwili nimekificha kidakani,
safu ya tatu kutoka juu, nyuma ya bakuli la kaure
lenye ufa, la marehemu bibi yake Famau.
Nyumba hii ya Mkomani ina vidaka arubaini na kimoja.
Nimevihesabu usiku, nikiwa nimelala chali,
mkono tumboni, kana kwamba pana kitu cha kushika.

Hapana. Bado hapana kitu cha kushika.
Kitabu ninachofundishia kidato cha tatu
kinasema: seli moja, halafu mbili, nne, nane,
halafu tonge lenye vinundu kama tomoko
ambalo ncha ya sindano ingelifunika.
Siku sita linabingirika gizani, halina mwenyewe.
Kisha linafika ukutani, linachimba.
Nimeyafundisha haya miaka kumi na mmoja,
kwa chaki, kwa mishale, kwa "chora na uweke majina."
Sikuwahi kuwaambia wanafunzi
kwamba ukuta ni mtu.

Wiki ya tano. Harufu ya mbambakofi,
niliyoipenda kabla sijampenda anayeuchonga,
inanitoa mbio karakanani hadi mtaroni.
Punda wa jirani ananitazama, anatafuna boksi.
Famau anasema: ni samaki wa jana.
Nasema: ni samaki.
Na kweli, huko ndani mkia upo,
shingoni mna mikunjo kama matamvua,
na kitu chembamba mfano wa uzi kimejipinda
kikaanza kupiga, hakikuambiwa na mtu,
kabla ya uso, kabla ya kuwa na wa kumpigia.

Wa mwaka juzi alifika wiki ya tisa.
Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nasahihisha mitihani.
Nesi Mwanatumu alisema,
"Mimba changa haina matanga, mwanangu,"
akanipa pamba, akanipa chai ya rangi.
Ni kweli haina. Jumatatu nilikuwa darasani.

Basi huyu simpi jina. Nampa wiki tu.
Ya sita: punje ya dengu.
Ya saba: kunazi.
Ya nane mikono ni makafi mawili,
vidole vimo, vimefungwa ndani ya ngozi moja.

Jana nilisimama mlangoni mwa karakana, leso puani,
Famau akichonga yungiyungi kwenye mfaa.
Nikamuuliza: jani unaliongezaje juu ya mbao?
Akacheka. "Siongezi. Jani limo.
Naondoa lisilokuwa jani."

Nikaketi pale pale kwenye vumbi la msumeno.
Kwani ndivyo vidole vinavyotoka:
nyama iliyo kati yao inakufa,
haisukumwi, inapisha.
Kitabu kina mstari mmoja tu kuhusu hilo
na huwa nauruka. Hauji kwenye mtihani.

"Mato yako siku hizi," akasema Famau,
patasi mkononi. Hakumaliza.
Akachukua kipande cha mninga, akakinusa, akakirudisha.
"Hiki kibichi. Ukikichonga sasa kitapinda.
Tukiweke kivulini. Tusikiulize."

Sijui kama alikuwa anazungumzia mbao.
Usiku nilikwenda kidakani, nikalisogeza bakuli,
nikakuta kijiti kimelazwa juu ya pamba safi.
Si mimi niliyeiweka pamba.

Kesho ni Alhamisi. Nina vipindi viwili asubuhi,
na wiki ya tisa.