Mwimo wa Mlango

Shule ya Pietralenta imepakwa rangi upya,
rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha.
Ubao mweusi wameuacha. Wanaandika dawa:
nani anywe kabla ya kula, nani baada.

Ermete amerudi darasa la pili.
Kitanda chake kimekaa palepale lilipokuwa dawati,
kando ya jiko la kuni ambalo sasa
ni doa tu ukutani.
"Miaka sabini na miwili," anamwambia Ondina,
"na bado hawajanipandisha darasa."
Ondina hacheki. Mashine yake ya sikio imeisha betri.

Enzi zile walikuwa arobaini na mmoja humu,
watatu watatu dawatini, wakinuka moshi na jibini,
na wazee wa kijiji kizima
walienea kwenye benchi moja mbele ya kanisa,
ikabaki nafasi ya mbwa.
Kisha viwanda vya bondeni vikaita,
na walioitwa wakazaa mmoja, au wakaahirisha,
na hesabu ikageuka kama fulana iliyovuliwa kwa pupa:
ndani, nje.

Mtoto yupo. Ludovica, wa mwoka mikate.
Basi la njano linapanda mlima wote kumchukua yeye tu.
Wazee hujipanga dirishani kila asubuhi
wakimpungia kwa adabu,
kama mtu aliyebeba pensheni zao zote
kwenye mkoba wa shule.

Jana Yesenia, muuguzi aliyetoka Peru
(wanawe watatu wanakua ndani ya simu yake),
alikwangua rangi iliyovimba kwenye mwimo wa mlango,
akakuta mikwaruzo ya kisu: majina, miaka,
ngazi ya vimo vya watoto.
Ermete. Fiorenzo, aliyefia Ubelgiji, mgodini.
Ondina, Ondina, Ondina, kila mwaka juu kidogo.

"Njoo tukupime," akasema, kwa mzaha tu.
Ondina akaacha mkongojo, akabandika visigino ukutani,
akanyoosha mgongo; mgongo ukakataa.
Penseli ikapita juu ya mvi
ikatua barabara kwenye mkwaruzo wa zamani.
Darasa la tano.

Chumba kikanyamaza.
Yesenia akatafuta neno la kufaa kwa lugha ya watu, akalikosa.
Ondina akaupapasa mkwaruzo kwa kidole gumba,
akahesabu kitu kimoyomoyo.
"Nikiendelea hivi," akasema,
"Krismasi nitakuwa la tatu.
Mwambieni Ermete asogee."