Idadi ya Maneno

Sijawahi kumwona ana kwa ana.
Yeye yuko Lahore, mimi niko Tabata Kimanga,
chumba cha nyuma, ukutani godoro lililokatwakatwa,
feni imezimwa kwa sababu feni nayo ina sauti
na haimo kwenye mkataba.
Miaka kumi na minne naishi kinywani mwake.

Safdar Gardezi. Alianzia jukwaani, akiwa kijana.
Hilo sikuambiwa na mtu, nililisikia:
anamwambia mkewe "funga mlango"
kama anayemwambia mtu wa kiingilio cha chini,
benchi la mwisho, karibu na choo.
Runinga hailipendi koo la namna hiyo.
Nalijua, maana nami nilikuwa nalo,
ukumbi wa shule, Magomeni, taa mbili za gari kwenye betri,
nikicheza mfalme kwa kanga ya dada yangu
mpaka kikundi kikafa kwa deni la viti.

Alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa tapeli wa viwanja.
Nikacheka: hata huko?
Halafu daktari. Halafu jaji. Halafu baba mkwe, baba mkwe, baba mkwe,
masharubu yakipauka tamthilia kwa tamthilia,
maana mwanamume akishagonga hamsini
wanampa fimbo, shali, na binti wa kumkatalia ndoa.
Nikazeeka naye, kwa malipo ya kila sehemu.

Namjua kama fundi viatu ajuavyo kisigino cha mteja,
upande gani unaoisha kwanza.
Kabla ya uongo huvuta pumzi mbili.
Kabla ya ukweli, hata moja.
Kiurdu chake kinakimbia, Kiswahili changu kimebeba viambishi,
"nisingalimsamehe" kwa mdomo uliofunguka mara moja tu;
silabi moja naimeza, nyingine naificha kwenye kikohozi.
Lakini siku anaposema safar, anaposema dunia, anaposema wakt,
midomo yetu inakutana kama majirani dirishani
na Bahati, fundi mitambo, ananiinulia dole gumba,
hajui kwamba hapo sikufanya kazi yoyote.

Buguruni sokoni, muuza vitunguu alinisikia nikiuliza bei.
"Jaji! Mbona ulimfunga mwanao?"
Nikamwambia sheria ni msumeno.
Akanipunguzia mia mbili.
Sijui kama huko Lahore wanampunguzia.

Mwaka huu imekuja mpya. Jaji yuleyule, mstaafu.
Gardezi kitandani, mdomo umeshuka upande wa kushoto.
Wanasema anaigiza. Mimi nimekaa humo ndani,
naujua mlango uliofungwa na mlango ulioanguka.
Sehemu ishirini na mbili, hana neno.
Analishwa uji. Anatazama pazia.
Mwanawe anaingia, yuleyule aliyemfunga,
na koo linapanda, linashuka,
linalitafuta lile benchi la mwisho.

Bosi akasema, "Mzee Mwinchande, hapa hatukuhitaji.
Tutaacha sauti ya kwao."
Nikamwambia watu wamezoea akivuta pumzi yangu,
mkimpa nyingine leo watajua kuna mtu kafa.
Tukabishana mpaka chai ikapoa.
Nikapewa nusu.

Basi nikaingia, nikavua saa,
nikakisogelea kipaza sauti, nikahema.
Kuhema ni kazi.
Mara ya tatu nilihema kama kijana.
Mara ya sita nilikuwa na mafua yasiyo yake.
Mara ya nane ilipita bodaboda.
Ya tisa, Bahati hakuinua kidole;
alivua vile vya masikioni, akatoka nje,
nikamsikia akifungua bomba la maji na kuliacha.

Fomu ya malipo ina safu tatu.
Jina: Chande Mwinchande.
Mhusika: Jaji.
Idadi ya maneno:
nikaandika sifuri, kalamu ikagoma,
nikairudia, nikaikandamiza
mpaka karatasi ikatoboka,
mhasibu akanipa fomu nyingine nijaze upya.