Zinazokesha

Kompyuta ya Baba huchukua dakika kumi na moja kuamka.
Nimehesabu nikimenya viazi, hapa Liminka,
mwezi wa sita, saa nne usiku, na jua lingali dirishani
kama mgeni asiyejua kuaga.

Nimefungua orodha ya huduma.
Mia moja na arobaini na tatu,
zote zinachapa kazi nyuma ya pazia,
zote zimeandikiwa: *yenyewe*.

Naanza na zilizo wazi.
Ya faksi. Inasubiri mlio tangu mwaka gani?
Wenye faksi wamestaafu, au wamezikwa. Zima.
Ya kalamu ya skrini, na skrini hii
ukiigusa inakupa vumbi tu. Zima.
Ya ramani. Baba hakupotea hata siku moja,
ila ile ya mwisho, hospitalini Oulu,
alipomuuliza nesi mlango wa zizi uko wapi.
Zima.

Ya kuchapisha nasita. Naiweka *kwa mkono*,
kama mtu afichaye ufunguo chini ya chungu.

Nyingine zina majina kama ya mawakili.
Moja inaonya: ukinizima,
sauti, mtandao na saa vitaanguka nami.
Naondoa kidole polepole,
kama aliyeegemea ukuta akausikia unapumua.

Kisha hii: EE2.
Haina maelezo wala kampuni.
*Haitegemewi na yeyote*, yasema orodha.
Huamka saa nane usiku,
hufanya kazi sekunde tatu, hulala.
Nikasema, kirusi hiki. Nikaizima.

Dakika nne! Nikajipongeza, nikalala.

Asubuhi ya tatu Eevert, jirani,
alisimama mlangoni na ndoo.
Ndani yake maua ya stroberi,
meupe pembeni, meusi kitovuni.

"Ujumbe haukuja."

Ujumbe gani?

"Wa baba yako. Kipimajoto chake kipo bondeni, nguzoni.
Kikikaribia sifuri simu yangu hulia,
naamka, nafungulia maji shambani.
Maji yanaganda juu ya ua, ua linapona.
Miaka tisa sasa.
Hata baada ya mazishi uliendelea kuja.
Nilidhani unajua."

Safu ngapi?

"Mbili." Akaitazama ndoo. "Si neno,"
akasema, na kwa Eevert
hilo lilikuwa neno refu.

Nilirudi kwenye orodha bila kuvua koti.
Haitegemewi na yeyote!
Orodha inazijua mashine,
haimjui mzee mwenye simu chini ya mto.

EE2: *yenyewe*.
Usiku ule saa nane niliamka hata hivyo,
nikakaa mbele ya skrini kuihesabu:
moja, mbili, tatu. Ikalala.
Ng'ambo ya shamba dirisha moja likawaka taa
isiyohitajika kwenye mwanga ule.

Ya kuchapisha nimeirudisha. Ya ramani pia.
Ya faksi, sijui.
Acha isubiri.
Viazi vya kumenya bado vipo.