Likijaa

Jedwali walilonitumia lina safu tisa.
Ya nne inasema: Saa ya kuondoka.
Nimeketi kibandani, stendi ya Lindi,
feni inageuka kushoto, kulia, kama mtu anayekataa,
nami nimeandika, basi la Milola:
likijaa.

Jedwali likawa jekundu. Ingiza saa.
Likijaa, asubuhi.
Jekundu.
Nampota akishamaliza chai.
Jekundu.
Nikaingiza mbili. Likasoma usiku wa manane.
Ikabidi nilifundishe kwamba huku kwetu
siku tunaihesabu jua likichomoza.
Basi nikalidanganya: saa mbili kamili asubuhi.
Likatulia. Likawa jeupe kama mchele uliopembuliwa.

Kijana wa mradi alinieleza mapema:
yuko msaidizi, anakaa ndani ya simu,
hana miguu, Ng'apa hajaikanyaga,
lakini ukimuunganishia njia na vituo
atamjibu yeyote apande wapi, ashukie wapi.
Usipomuunganishia, atasema sijui.
Au atabuni.
Sikumwambia kwamba mimi nimeshabuni tayari.

Vituo nilivipa majina yanayoitwa na watu.
Kwa Fundi Baiskeli: fundi alishazikwa,
baiskeli yake ya mwisho iko kwa mkwewe, Rutamba,
na abiria bado wanashukia kwake.
Ramani ilitaka namba mbili ndefu zenye nukta.
Nikaenda kusimama pale alipokuwa anaziba pancha,
nikashika simu juu, nikangoja anga inijue.

Jumanne, Somoe Limbende akanipigia.
Mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi,
amefika kituoni Milola saa mbili kasorobo
akakuta vumbi linashuka.
Ilikuwa siku ya mnada wa korosho. Lilijaa saa moja na robo.
Hakunitukana. Aliuliza tu:
"Simu imeniambia saa mbili.
Na simu imeambiwa na nani?"

Swali hilo halikuwa na safu.

Nikanunua daftari. Siku arobaini
nilimpigia Nampota kila alipong'oa gari:
limejaa saa ngapi, limejaa kwa nini.
Alidhani namtaka.
Mkewe pia alidhani, tukaelewana baadaye.
Nikampelekea kijana daftari lote,
nikamwambia, ongeza safu ya kumi
au tafuta mwongo mwingine.

Akaiongeza. Akaiita Maelezo.
Nikajaza: Basi la Milola huondoka likijaa.
Siku ya mnada hujaa kabla ya saa moja na nusu.
Mwezi wa Ramadhani hujaa taratibu.
Mvua ikipiga Rutamba, piga simu kwanza.

Usiku ule nikajifanya Somoe.
Nikauliza: kesho nina kliniki Lindi, nitoke saa ngapi?
Ikanijibu kwa upole wa mgeni aliyelelewa vizuri:
basi hilo halina saa maalumu, huondoka likijaa;
kesho ni siku ya mnada, uwe kituoni mapema.
Maneno yangu, mkato umewekwa mahali pake.
Nilicheka peke yangu gizani
kama aliyesikia jina lake likitajwa nyumba ya pili.

Alfajiri, Nampota: springi imekatika,
leo siendi popote.
Nikatoka na khanga moja, viatu sikuviona,
mpaka kibandani, kufuli, swichi, subiri,
kile kiduara kinachozunguka, subiri,
safu ya kumi, basi la Milola:
leo halipo.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini.
Sijui ni wangapi walikuwa wameshauliza,
wakajibiwa vizuri, kwa Kiswahili safi,
wakamfunga mtoto mgongoni.