Sikuitika Amina

Siku ya kuomba mvua tulisimama uwanja wa mpira,
wanaume wamegeuza kanzu ndani nje,
mbuzi wametengwa na watoto wao ili walie pamoja nasi.
Kila Shehe Mwinjaka aliposema, "Mola, tunyweshe,"
safu zote ziliitika amina.
Mimi nilifumbua mdomo, sikutoa kitu.
Nilimeza.

Niitike kwa nini?
Miaka miwili ya jua ndiyo iliyonijengea:
mabati kumi na nane, mlango wa mninga,
ada ya Rehani chuo cha ufundi pale Tanga mjini.
Majaruba yangu ya Mwarongo yalizaa kama yana wazimu,
leo ukikwangua chumvi, keshokutwa
ardhi imeshavaa nyeupe tena.
Wenzangu wakihesabu mahindi yaliyokufa,
mimi nahesabu viroba.

Na dada yangu Mwanamkasi, kule Handeni,
alinipigia usiku kwa vocha ya kukopa:
"Ndoo moja ya maji ni elfu, mdogo wangu.
Ng'ombe wa shemejio wakilala hawaamki,
tunawanyanyua kwa miti, kama gari lililokwama."
Nikamtumia hela. Dua sikutuma.
Hela ya jua hilohilo.

Ilianza Ijumaa, mvua ya kistaarabu,
inapiga hodi juu ya bati.
Jumamosi haikupiga hodi tena.
Vuli ikagoma kwisha, ikaishika masika mkono,
na redio ikasema mvua ya namna hii haijawahi kupimwa;
kipimo chenyewe kilijaa kikamwagika saa nane usiku
kabla mtu hajaamka kukisoma.

Lundo langu, tani sita zilizongoja lori
chini ya makuti na turubai la deni,
halikuanguka.
Lilipungua tu, kama mgonjwa ndani ya shuka,
kila asubuhi shuka imelala chini zaidi,
mpaka siku niliyofunua nikakuta tope
na kaa mmoja, macho yamemsimama,
kama anayeniuliza: umepoteza nini hapa?

Wanasema ukiona vyaelea, vimeundwa.
Niliuona mlango wangu ukielea kwenda mikokoni,
na aliyeuunda namjua: fundi Kitojo,
bado ananidai elfu thelathini.
Nikacheka, maji kiunoni.
Mashavu akanishika mkono, akidhani nimerukwa na akili.

Tukalala darasa la nne B, kaya tisa.
Ubaoni palikuwa pameandikwa:
*Taja faida tano za maji.*
Hakuna aliyefuta.
Mjukuu wa bibi Nyange akaongeza ya sita kwa chaki:
*yapungue.*

Usiku huo Mwanamkasi akapiga, kwa vocha yake mwenyewe.
"Nyasi zimefika magotini! Ng'ombe aliyebaki ana mimba!
Unawasikia vyura? Ngoja."
Akaiweka simu dirishani.
Nikawasikiliza vyura wa Handeni
huku nimekaa juu ya dawati,
na vyura wa Mwarongo wanawajibu.
Habari za lundo sikumwambia.
Asubuhi simu ikalia: umepokea elfu ishirini.
Nani kamwambia, sijui.
Hela ya mvua hiyo.

Dua la kuku halimpati mwewe, sawa.
Na kimya cha kuku, je?
Nimejiuliza hivyo mara nyingi nikikamua nguo,
nisipate wa kumuuliza bila kujitaja.

Jana nimeshuka mpaka jaruba la chini,
nikachovya kidole, nikaonja.
Maji baridi. Ya kunywa kabisa,
pale pale palipokuwa pakiniunguza nyufa za visigino.
Nikasimama muda, bata wananizunguka,
nikaisema ile amina.
Imechelewa, inanuka tope, lakini nimeisema.

Kisha, kwa sauti ndogo, nikaomba jua.
La miaka miwili sitaki.
Kidogo tu,
la kiasi cha chumvi ya mboga.