Mpira wa Maji

Baba, fundi wa Majengo, Moshi,
alikikuta kitabu changu cha historia mezani
kimefunguka penye piramidi.
Hakuuliza farao alikuwa nani.
Aliweka kidole chini kabisa,
pale jiwe linapogusa mchanga:
"Hapa. Hapa walipimaje?"

Kesho yake, kwenye msingi wa Mama Ndeshukurwa,
tulishika mpira wa maji,
yeye kona hii, mimi ile,
tukingoja yatulie.
"Maji hayajui bosi," akasema.
"Ukikosea kidole kimoja huku chini,
kule juu pembe nne hazitakutana,
zitapishana kama wagomvi."

Kibo ikatoka mawinguni, nyeupe,
isiyo na fundi.
Baba hakuitazama.
Alipiga goti, jicho kwenye uzi,
akanung'unika:
"Na mpira hawakuwa nao, wale."